Lori Moja, Mashamba Mawili

Je, siku ile nililituma lori kwa hesabu au kwa aibu? Nimejiuliza mara nyingi, na bado sina jibu ninaloweza kulisimamia.

Kazi yangu katika kikundi chetu cha wakulima wa viazi hapa Kibirichia ni kupanga magari. Mnunuzi huagiza, nami nikishapata lori humpigia mkulima simu: chimba. Kabla ya neno hilo hakuna anayegusa shamba, kwa maana kiazi kilichomo ardhini hungoja, lakini kilichochimbwa kikipigwa na jua hugeuka kijani, na kikinyeshewa huoza.

Jumanne ile nililitoa neno hilo mara mbili. Kwanza kwa mwenyekiti wetu, aliyekuwa na oda ya shule moja ya bweni Embu. Kisha kwa mama mmoja mjane, ambaye viazi vyake vilikuwa vya kupelekwa soko la Kangeta. Wachuuzi wa huko hununua kwa kufuata bei ya miraa, majani ya kutafuna yanayowapa wateja wao pesa: ikipanda, viazi huisha kabla ya saa sita, ikianguka, lori hurudi na mzigo. Lori letu la pili lilikuwa gereji. Fundi aliapa kwamba litatoka jioni, nami nikapanga kana kwamba limeshatoka.

Alasiri akapiga simu: kipuri hakijapatikana. Malori ya kukodi yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa.

“Mama, umeshaanza kuchimba?”

“Nimemaliza, mwalimu.” Huniita hivyo kwa sababu tu nilisoma. “Vimelala hapa nje kama wageni wa harusi. Gari inakuja saa ngapi?”

Nikamweleza kwamba limebaki lori moja, na kwamba Embu na Kangeta haziko njia moja.

“Sasa nivirudishe kwa mchanga?” Akacheka, kisha akaacha. “Wewe uko na lori moja. Mimi niko na shamba moja.”

Mwenyekiti hakuwa amechimba hata kiazi. Vibarua wake wangeanza alfajiri. Hata hivyo, nilipomwomba asubiri, hakutaka kusikia.

“Wewe na hiyo digrii yako! Embu ni oda ya kweli. Kangeta ni kamari. Tukikosa kesho, shule itachukua watu wengine muhula mzima.”

Alisema kweli. Nilifikiria kuipelekea shule viazi vya mama, lakini vilikuwa vya aina ya Shangi, ambavyo huchipua upesi, na shule ilitaka vya kukaa stoo. Nikampigia mchuuzi wa Kangeta. “Bei ya miraa ya kesho niijue leo, mimi nani?” akaniuliza. Niliandika ratiba, nikaifuta, nikaiandika tena. Mawingu yalikuwa yameshuka mlimani, nami nilikuwa nikitembea uani nikitamani kosa hilo liwe la mtu mwingine.

Kabla ya mapambazuko nilimwambia mwenyekiti awazuie vibarua, na saa kumi na mbili asubuhi nilimpigia mpishi mkuu wa shule, nikamwambia asitungoje. Alikata simu kabla sijamaliza kuomba radhi. Nikapanda kando ya dereva, tukaenda kwa mama, tukaanza kupakia.