Bahasha ya Kaki

Karakana yangu iko Huruma, chumba kimoja tu, na kazi yangu ni kusuka upya mota na transfoma zilizoungua. Mwaka jana, msimu wa mvua, mama mmoja mfugaji wa Moiben aliniletea transfoma ndogo ya taa za zizi lake. Kazi ya transfoma hiyo ni kushusha stima ya nyumba mpaka isiweze kumdhuru mtu wala ng'ombe. Aliitaka siku hiyo hiyo.

Karatasi ngumu inayozuia stima ya nyumba isivuke kutoka koili moja ya waya hadi nyingine ilikuwa imeniishia. Nikakata bahasha ya kaki, nikaizungushia. Waya nao niliuchomoa kwenye mota kuukuu; nilipima unene wake tu. Mita ya kupimia stima ikasema kila kitu sawa. Akaenda.

Kesho yake mchana nilikunja kipande cha waya ule kidoleni. Vanishi inayoufunika ikabanduka kama rangi ya kucha, shaba ikabaki uchi. Nilimpigia simu, haikushikwa. Nikapiga tena na tena. Mvua ilikuwa inaanza, na saa ya kukamua ilikuwa inakaribia.

Nilikodi bodaboda. Njia nzima niliona akilini mkono wake ukishika chuma chenye maji.

Nilimkuta mlangoni mwa zizi, kamba mkononi, anavutana na ng'ombe.

"Huyu leo amekataa kuingia," akaniambia. "Akigusa ile nguzo anaruka."

"Mama, achilia kamba. Rudi nyuma."

Taa za ndani zilikuwa zinawaka. Waya wa taa hizo ulikuwa umechubuka pale ulipofungwa kwenye nguzo ya chuma. Nikagusisha testa hapo, bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha stima, ikawaka. Nilikimbia kuzima swichi kuu.

Nilimweleza habari ya bahasha.

"Mbona hukuniambia karatasi imeisha? Ningengoja."

Nikaifungua transfoma, nikarudi nayo karakana.

Niliisuka tena kwa waya mpya na karatasi yenyewe, nikaichovya vanishi, nikaiacha ikauke siku mbili. Nikaenda kuifunga mwenyewe na kubadilisha ule waya uliochubuka. Testa haikuwaka popote. Bado mama hakumsogeza ng'ombe.

"Shika wewe kwanza," akasema.

Nilikuwa nimepima mara tatu. Nikaishika nguzo, ikawa baridi tu, na nikabaki nimeishika, yeye akinitazama, mpaka akaridhika.