Karatasi ya Pili Ndani ya Kiti

Garland Pruitt alishuka kwenye gari la mteja wake akiwa amevaa koti jeupe refu, kama la daktari, na mfukoni amechomeka tochi mbili na kioo kidogo cha kuchungulia uvunguni. Verna alimwona kupitia dirisha la jikoni. Akaweka chini kisu cha viazi, akamwita rafiki yake Oleta aje ajionee mwenyewe, asije baadaye akasema ametiliwa chumvi. Oleta alitazama, akauliza kama bwana huyo amekuja kukagua gari au kulizalisha.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Aprili ya mwaka 1993, na theluji ya mwisho ilikuwa imebaki vibonge vyeusi kando ya uzio. Nyuma ya nyumba ya Oleta, chini ya turubai, lilikaa gari pekee ambalo Verna alipata kulimiliki maishani: Ravager la mwaka 1970, jekundu, milango miwili, gia nne za mkono, na injini ambayo ikiwashwa vyombo vilitetemeka kabatini kwa jirani. Akiliuza kwa bei ya Ravager halisi, angenunua kinyumba cha vyumba viwili mtaa wa pili, ambacho alikuwa amekwisha kukizunguka mara tatu akihesabu madirisha. Lisipouzika, angebaki kulala kwenye chumba cha chini ya ardhi kwa Oleta, kando ya mashine ya kufulia, kama alivyolala kwa miaka miwili iliyopita.

Kwa miaka hiyo miwili alikuwa na mtu wa kumshukuru. Walipoachana, baada ya ndoa ya miaka ishirini na miwili, Garland alisimama mbele ya hakimu akaapa, mkono juu ya Biblia, kwamba gari lile ni halisi, kila kifaa ni kile kilichofungwa kiwandani, na thamani yake ni sawa kabisa na ya nyumba yao. Hakimu, ambaye tofauti ya gari na trekta aliijua kwa kuambiwa, alikata shauri kwa dakika kumi. Bwana achukue nyumba, bibi achukue gari. Garland akabaki ndani ya nyumba pamoja na Marcine, mwanamke aliyekuwa akimpigia chapa jarida lake la magari. Verna akaondoka akiiendesha haki yake barabarani, tangi likiwa robo.

Na leo Garland huyohuyo alikuwa amekuja kulikagua gari hilohilo, kwa kukodiwa. Aliyemkodi ni Bwana Hostetler, mkulima wa mahindi kutoka Indiana, mzee mwenye mikono mipana, ambaye hangenunua Ravager bila ripoti yenye sahihi ya Garland. Hakuna ambaye angenunua. Magari ya kughushi yalikuwa mengi kuliko ya kweli. Mtu huchukua gari la silinda sita, la kwendea kanisani, analitia injini kubwa uani kwake, anachora milia miwili, anabandika nembo, na kesho yake ana Ravager. Kwa hiyo anatakiwa mjuzi wa kusema gari lilitoka kiwandani na nini, na nini kimeongezwa na wajanja. Tangu Ohio mpaka Wisconsin, mjuzi huyo alikuwa Garland Pruitt.

Garland hakuwahi kukanyaga kiwandani hata siku moja. Alikuwa akiuza matairi.

Aliyekanyaga ni Verna. Aliacha shule darasa la nne, huko milimani Kentucky, ili alee wadogo zake, na alipofika Michigan alikuwa anajua kusoma tarakimu, jina lake, na maandishi ya kopo la maharagwe. Chumba cha viti hakikumuuliza zaidi ya hapo. Kwa miaka kumi na minne alivuta kitambaa juu ya springi, akakibana kwa pete za waya kwa koleo, mpaka vidole vyake vikapinda na kubaki vimepinda. Jioni, akirudi na kupika maharagwe na mkate wa mahindi, mumewe alikuwa na maswali. Difu hupakwa chaki ya rangi gani? Boliti zipi nyeusi na zipi za kung'aa? Kibati cha namba hufungwa kwa misumari gani? Verna alijibu huku akiosha vyombo, na Garland aliandika. Asilolijua, Verna aliwauliza wenzake wa injini na wa rangi, akalibeba kichwani mpaka nyumbani kama mtu aliyetumwa dukani.

Jarida la kwanza lilipotoka, Verna alimwomba amsomee. Boliti zilikuwemo, chaki ilikuwemo, misumari ilikuwemo. Jina lake halikuwemo. Garland alimweleza kwa upole kwamba wasomaji wanataka mtu mwenye elimu.

Bwana Hostetler alivua kofia, akamshukuru Verna kwa kikombe cha kahawa, akamwita mama. Garland alimsalimia kama mtu anavyomsalimia karani wa benki. Kisha wakavua turubai, na wanawake wawili wakakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma kutazama kazi ya kitaalamu.

Garland alianza na kibati kilichopigiliwa kwenye bati la mbele, nyuma ya injini. Alisoma herufi moja moja kwa sauti ya mhubiri. Rangi nyekundu, viti vyeusi, injini kubwa, gia nne, wiki ya tatu ya Machi 1970. Akamwonyesha Hostetler misumari yake, ambayo vichwa vyake vimekatwa kama ua, na akasema kwamba wanaoghushi hutumia misumari ya duara ya dukani, siri ambayo yeye mwenyewe aliigundua baada ya uchunguzi wa miaka mingi.

"Uchunguzi wa maharagwe," Oleta alimnong'oneza Verna.

Akalala chali na kile kioo chake. Namba ya injini ililingana na ya chesisi. Giaboksi ikalingana. Vioo vyote vilikuwa vya mwaka uleule. Hostetler alianza kutabasamu na kupapasa milia ya gari kama anayepapasa shingo ya farasi. Verna alikunywa kahawa yake, lakini kichwani alikuwa ameshafika kwenye kile kinyumba na alikuwa akipima mapazia.

Ndipo Garland akavaa glavu, akang'oa kiti cha nyuma, akakilaza kifudifudi juu ya nyasi. Alikuwa akitafuta karatasi. Kila gari lilisafiri kiwandani na karatasi yake ya maagizo, inayotaja kila kitu kinachopaswa kufungwa, na ilipofika kwenye chumba cha viti kazi yake ilikuwa imekwisha. Wanawake waliichomeka kwenye springi kwa sababu pipa la taka lilikuwa ng'ambo, na nyapara alimkata mshahara aliyeondoka kwenye nafasi yake. Hilo nalo Garland alilijua kutoka kulekule jikoni.

Upande wa kulia aliikuta. Aliinyoosha juu ya goti, akaisoma, na uso wake ukapata huzuni nzuri inayoendana na lile koti.

"Silinda sita," akasema. "Kahawia. Gia za kujibadili zenyewe. Redio hakuna."

Hostetler aliuliza maana yake. Garland akamfafanulia polepole. Kibati kinaweza kung'olewa kwenye gari lililopondwa. Namba za injini zinaweza kufutwa na kugongwa upya, yeye ameona mafundi wa namna hiyo. Lakini karatasi hii hakuna aliyejua kwamba ipo, kwa hiyo hakuna aliyeichezea. Mbele yao lilikuwa gari la kahawia la kwendea kanisani, limevalishwa nguo za watu.

"Mahakamani uliapa ni halisi," Verna akasema kutoka kwenye ngazi.

"Nilikuwa sijafungua kiti."

"Kwa hiyo uliapa bila kufungua kiti."

"Verna, haya mambo yana utaalamu wake. Mtu mwaminifu akipata ushahidi mpya anabadili kauli."

Nyumba je, nayo atairudisha, kwa kuwa kauli imebadilika? Hilo Verna hakuliuliza. Alikuwa akimjua. Hostetler alirudisha kofia kichwani, akatazama chini, akasema kwa aibu kwamba anaweza kutoa bei ya injini peke yake. Fedha hiyo isingenunua hata mlango wa kile kinyumba.

Verna hakuwa akimsikiliza tena. Machi 1970. Alikuwa akiutazama mkono wa Oleta ulioshika kikombe, na mwezi huo ulimrudia wote, joto lake na kelele zake. Mwezi huo Oleta, mwenzake wa chumba cha viti, alikuwa na mimba ya miezi minane, mtoto wake wa kwanza, na kila nusu saa alikimbilia chooni. Kwenye laini walifanya viti wawiliwawili, Verna kushoto na Oleta kulia, kila mmoja na gari lake. Oleta akiondoka, Verna alifanya vyote viwili kabla nyapara hajageuka. Na kwa kuwa hakuwa na muda, karatasi zote mbili alizichomeka kwenye kiti chake mwenyewe, ya Oleta kulia, yake kushoto. Kiti cha Oleta kilikwenda mikono mitupu.

Aliteremka ngazi.

"Soma namba ya mwisho kwenye hiyo karatasi," alimwambia Garland.

"Haikuhusu."

Hostetler akainama akaisoma mwenyewe. Mia nne kumi na saba.

"Na kwenye kibati?"

Mzee alizunguka mbele, akachungulia. Mia nne kumi na sita. Alisimama pale akimtazama Verna, na Verna akamweleza yote, mimba, choo na nyapara, kwa maneno machache. Hiyo ni karatasi ya gari lililofuata nyuma ya hili. Hakuna mwanamke aliyechomeka karatasi ya jirani peke yake. Ikiwemo ya jirani, basi na ya mwenyewe imo.

Garland alitabasamu kwa Hostetler, tabasamu la wanaume wawili wenye akili. Alisema namba kukaribiana si ushahidi, na kwamba katika miaka ishirini ya kukagua viti hajawahi kukuta karatasi mbili.

"Kwa sababu ukikuta moja unaacha kutafuta," Verna akasema. "Wewe kila kitu ni hivyo."

"Nilikuwa chooni, Bwana Pruitt," Oleta akadakia kutoka kwenye ngazi. "Liandike hilo kwenye jarida. Ni la kitaalamu."

Verna alipiga magoti kwenye nyasi baridi, akapandisha mkono wa sweta, akauingiza upande wa kushoto wa kiti. Springi zilimkwaruza. Alipita chini ya tabaka la katani, mpaka kiwiko kikazama, na vile vidole vilivyopinda vikajua vinapokwenda. Kwa muda hapakuwa na kitu isipokuwa vumbi. Akaegemeza shavu kwenye kitambaa, akasukuma zaidi, na pale, kwenye springi ya tatu, kilikuwepo kitu kilichoviringwa kwa nguvu, chembamba kama sigara.

Hakumpa Garland. Alimpa mzee.

Hostetler aliikunjua juu ya boneti kwa ncha za vidole, maana ilikuwa ya njano na ilikatika pembeni. Alisoma taratibu. Mia nne kumi na sita. Nyekundu. Injini kubwa. Gia nne za mkono. Kofia ikavuliwa tena, akasema bei ni ileile aliyoitaja kwenye simu, na kama mama yuko tayari angelipa leoleo.

Garland aliisogelea boneti, akaisoma karatasi mwenyewe.

"Ndivyo nilivyosema mahakamani," akasema kisha, na akatoa kalamu. Alimwambia Hostetler kwamba kwa muda mrefu alikuwa akishuku kuwepo kwa karatasi za jozi, kwamba ugunduzi huu ni mkubwa, na utatoka kwenye jarida la mwezi ujao.

Verna aliweka kiganja juu ya karatasi zote mbili. Alisema ripoti itaeleza nani ameitoa karatasi ya pili, na nani aliishia kwenye ya kwanza. La sivyo gari linarudi chini ya turubai.

"Hilo halina umuhimu kwa mnunuzi," Garland akasema.

"Bwana Pruitt," Hostetler akasema, "nimekulipa siku nzima na petroli. Andika alivyosema mama."

Akaandika, akiwa ameinama juu ya boneti, shingo nyekundu kama gari. Alipomaliza, Verna alimwambia asome, naye akasoma kwa haraka kwamba karatasi ya pili ilitolewa na Verna Pruitt baada ya mkaguzi kuishia kwenye ya kwanza. Verna aliinama akatazama mstari wenyewe. Maneno mengi yalikuwa giza kwake. Lakini alijua jina lake linavyokaa.

"Jina langu lina herufi tano, linaanza na V," akasema. "Hapa silioni."

Hostetler akatazama. Palikuwa pameandikwa "mmiliki". Mzee alimtazama Garland kama anavyomtazama mtu aliyemuuzia mbegu zilizooza, na Garland akakata neno lile, akaandika jina juu yake, herufi moja moja, huku Verna akizihesabu kwa kidole.

Hundi ikaandikwa palepale. Oleta alirudi ndani kuchemsha viazi. Hostetler alikuwa ameshaketi nyuma ya usukani, anagusa hiki na kile kama mtoto, na Garland alikuwa bado amesimama pale na glavu zake. Akakohoa, akauliza kama ile karatasi ya kwanza, kwa kuwa si ya gari hili, anaweza kupewa kwa ajili ya kumbukumbu zake.

"Chukua," Verna akasema. "Silinda sita, kahawia, redio hakuna. Mtapatana."

Garland aliikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa koti jeupe. Kitu cha bure hakuwahi kukikataa.