Firigisi Niliyolishwa Mlangoni

Harufu ya ini la ng'ombe likichomwa juu ya makaa inanichefua mpaka leo. Hoteli yangu iko Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka forodhani, na tangu niifungue haijawahi kupikwa nyama ndani yake. Wapita njia wameshajitungia sababu zao. Wengine wanasema nimeokoka kupita kiasi, wengine nina vidonda vya tumbo, wengine mganga alinikataza. Siku hizi wamezuka vijana wenye miwani kutoka Nairobi na Kampala. Wanaingia, wanaipiga picha sahani ya mrenda, kisha wananifundisha mimi faida za mboga. Mmoja aliniambia kwamba kula bila nyama ni mtindo mpya wa maisha. Nilimwuliza kama amemaliza kula, maana kulikuwa na dereva wa lori amesimama anangoja kiti. Mimi niliishia darasa la pili. Kuandika nilifundishwa ukubwani na akina mama wa kanisa, na Kiswahili nilikipata hapa mpakani nikiuza majani ya sagaa kwa mafungu. Lakini habari ya majani sihitaji kufundishwa na mtu aliyeyaona mara ya kwanza kwenye simu.

Baba yangu alikuwa mchinjaji wa Lunyo. Kwetu mtu wa nyama alikuwa mtu kweli, watu walimwamkia kutoka mbali. Alikuwa na tumbo kubwa na shingo nene, na alikula ini asubuhi kama wengine wanavyokunywa uji. Mwaka niliotimiza miaka minane, mvua za masika zilipoanza, miguu yake ilivimba. Ukibonyeza kidole, kishimo kilibaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Mama alimpandisha kwenye lori la pamba wakaenda mpaka Tororo, na daktari huko akasema figo zimechoka na damu inakwenda kwa nguvu. Aache nyama, aache chumvi. Hakuna lingine la maana alilosema. Baba alirudi nyumbani amenuna kama aliyetukanwa mbele za watu. Bucha akamwachia mdogo wake, Wandera, baba yangu mdogo, kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye alikuwa ameitamani tangu ajue kushika kisu.

Mama aliitwa Athieno, Mjapadhola wa Paya, si mtu wa kabila letu, na kwa ndugu za baba hilo peke yake lilikuwa kosa. Masika yale alipika kwa namna ambayo sijaona mtu mwingine akipika. Sisi tulizoea kulainisha mboga kwa maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharage, na hayo nayo yana uchumvi wake, kwa hiyo akayaacha. Sasa mboga isiyo na chumvi wala majivu utamlishaje mtu aliyeishi kwa ini? Alianza na kunde changa, akazipika kwenye chungu, akazilaza. Kesho yake akaongeza mnavu kidogo na maziwa, akachemsha tena, akalaza tena. Siku ya tatu ule uchungu ulikuwa umegeuka kitu kingine, kizito, kinachokaa ulimini. Hapo ndipo alipotia simsim aliyoikaanga na kuisaga juu ya jiwe mpaka ikatoa mafuta. Ugali wa wimbi aliusonga kwa maji ya ukwaju, kama wanavyofanya kwao, ili ule uchachu umdanganye ulimi usiulize chumvi iko wapi. Kumbikumbi waliporuka alirudi tena Tororo kwa lori kuuliza swali moja tu: kumbikumbi ni nyama au si nyama. Alirudi bila jibu, maana daktari alitoka mbali na wadudu wenyewe hakuwajua. Mama akaamua mwenyewe kwamba kitu chenye macho si mboga.

Baba alikula, na alilalamika kila siku. Alimwita mama mchunga mbuzi. "Mchunga mbuzi ameshaleta majani?" alikuwa akiuliza, na mama akijibu, "Ameleta. Mbuzi mwenyewe afungue mdomo." Wakacheka, kwa sababu walipendana, ingawa siku zile hakuna aliyesema neno hilo. Baada ya wiki tatu miguu ilianza kunywea. Nakumbuka asubuhi aliyovaa viatu vyake vya ngozi tena, akatembea mpaka barabarani akarudi, mama amesimama na ungo mkononi anamtazama. Hiyo asubuhi niliiona kwa macho yangu mwenyewe. Mtu asije akaniambia haikuwapo.

Lakini ukoo haukuona miguu, uliona sahani. Wanawake wa pale walikuja kuchungulia chungu na kutoka wamefunika midomo. Ilisemwa kwamba mwanamke wa Paya anamlisha mume wake, mwenye mji, chakula cha wajane. Ilisemwa kwamba anataka mume anyong'onyee ili asiwe na nguvu ya kuoa mke wa pili. Mchinjaji mzima anakonda huku bucha iko wazi. Mgeni akija anawekewa mrenda. Walimsema hata kisimani. Mama alijaza mtungi wake akaondoka, na alipofika nyumbani aliosha majani mara mbili zaidi ya kawaida, kwa hasira, mpaka maji yakawa meupe.

Wandera ndiye aliyeleta nyama. Alikuja saa za mchana mama akiwa shambani, wakati mimi nilikuwa nimeachwa nikae na baba nimpe maji. Mara ya kwanza alileta ini la kuchoma ndani ya jani la mgomba, limepakwa chumvi ya mawe mpaka linang'aa. Baba alilitazama muda mrefu. "Ndugu yangu," Wandera akamwambia, "mwanamke atakuua na wewe unamshukuru. Kula urudishe damu." Baba akanigeukia. Aliniita mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Mama, kaa mlangoni. Ukimwona mchunga mbuzi anakuja, kohoa." Nikakaa, nikiwa nimegeuza mgongo, nikasikia anavyotafuna. Alitafuna kama mtu anayelia.

Wandera hakuwa mjinga. Alijua mtoto husema. Mara ya pili alikuja na kipande kidogo pembeni, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa firigisi ya kuku. Msomaji wa leo hataelewa, kwa hiyo nieleze. Kwetu wakati ule mwanamke hakula kuku, wala yai. Tulimfuga kuku, tukamchinjisha, tukamnyonyoa, tukampika, tukampeleka mezani kwa magoti, na mchuzi hatukuuonja. Firigisi ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ilikuwa ya mwenye mji peke yake, na mke aliyeileta imekatika aliulizwa. Msichana aliyekula kuku alisemwa kuwa hataolewa, na akiolewa hatazaa, na aibu yake inamrudia mama yake aliyemlea. "Onja, Nabwire," Wandera akasema kwa sauti tamu. "Hakuna anayeona." Nikaonja. Nilikuwa nimekula majani wiki nyingi, na ile nyama ngumu yenye mafuta ilinijaa mdomoni nikafumba macho. Nilipoyafungua alikuwa amechuchumaa mbele yangu anatabasamu. "Sasa mimi na wewe tumekula wizi," akasema. "Ukinisema, nitakusema. Tuone nani atakayechapwa, na mama wa nani atakayefukuzwa."

Hivyo ndivyo mtu mzima alivyomfunga mdomo mtoto wa miaka minane. Nilikohoa mara ngapi pale mlangoni sikumbuki. Mama alikuja, alikuta jani la mgomba limeshatupwa, baba amelala ameelekea ukutani, na chungu chake cha siku tatu kimeguswa kidogo tu. Mimi niliona kama anadhani amekosea kupika. Akaongeza ukwaju, akaongeza simsim, akatembea mbali zaidi kutafuta mboga laini. Miguu ya baba ilirudi kuvimba, safari hii mpaka mapajani, kisha uso. Alikufa mahindi yakiwa yanaanza kubeba. Sisemi kwamba nyama ndiyo iliyomwua. Mimi si daktari, na mwenye figo mbovu anaweza kufa hata akila maua. Ninachosema ni kwamba majani ya mama yangu hayakumwua.

Siku ya kunyoa nywele, siku ya tatu baada ya mazishi, ukoo ulikaa kuuliza marehemu alikufa na nini. Ndivyo tunavyofanya. Wandera akasimama, kichwa kimenyolewa kinang'aa, akalia machozi ya kweli kabisa, akasema kaka yake alikufa kwa njaa ndani ya nyumba yenye bucha. Kila mtu alimtazama mama. Mama akasema, "Miguu yake ilikuwa imepona. Mliiona." Mimi nilikuwa nimekaa miongoni mwa watoto, karibu kabisa, ningeweza kusema bila hata kupaza sauti. Wandera hakunitazama hata mara moja. Nikakaa kimya. Mama alirudishwa Paya kabla ya jua kuzama, na mzigo wake ulikuwa chungu na nguo alizovaa. Mimi nilibaki, kwa kuwa watoto ni wa ukoo wa baba, nikalelewa na yule yule aliyeichukua bucha. Nyama niliyokuwa nikipewa kwake niliitema nyuma ya nyumba.

Nilipopata miaka kumi na miwili nilitoroka nikamfuata mama. Yeye ndiye aliyenipa kazi ninayokula mpaka leo: jinsi ya kuchuma bila kuua mmea, jinsi ya kuchanganya jani la uchungu na la utelezi, jinsi ya kungoja chungu. Nilikuwa mtu mzima, na hoteli yangu ya kwanza ya mabati imeshasimama, ndipo nilipomwambia habari ya ini na firigisi. Alikuwa anachambua mchicha. Hakusimamisha mikono. "Nilijua anakula," akasema. "Mafuta yalikuwa kwenye shuka, mimi ndiye niliyekuwa nafua. Ambacho sikukijua ni nani aliyekuwa akikohoa." Wiki nzima hakula chakula nilichopika. Akajipikia mwenyewe sufuria ndogo pembeni, akala amenipa mgongo. Wiki ilipokwisha aliniomba chumvi kama kawaida, na habari ile hatukuirudia tena. Amezikwa Paya kwa kaka zake, si Lunyo kando ya mume wake, na kwa hilo nina dai moja. Sitaki ng'ombe wala shamba. Nataka ukoo useme kwamba Athieno hakumwua mume wake.

Wandera bado yu hai. Ni mzee mno sasa, na miguu yake imevimba, na hospitali imemwambia aache nyama na chumvi. Mke wa mwanawe, wifi yangu Nekesa, alikuja hotelini akiwa na aibu usoni. "Wifi, mzee amekataa kula. Anasema majani yetu hayana ladha. Anasema kuna mtu mmoja tu anayejua kuyapika bila chumvi." Hakusema mtu huyo alijifunza kwa nani. Nikapika. Nilipika siku tatu, kunde na mnavu na maziwa, nikatia simsim. Nikaibeba sufuria kwa bodaboda mpaka Lunyo siku ambayo ukoo ulikuwa umekutana kwa ajili ya mambo ya shamba, nikaiweka katikati, nikasimama mbele yao wote nikasema. Nilisema habari ya ini. Nilisema habari ya jani la mgomba. Na kwa sababu sikutaka kujificha nyuma ya kosa la mtu mwingine, nikasema na langu, kwamba nilinyamaza miaka yote ile kwa sababu alinilisha firigisi ya kuku.

Wakacheka. Haikuwa kwa ubaya, na hilo ndilo baya zaidi. Msichana mmoja, mjukuu wa Wandera, mwenye kucha ndefu za rangi, akauliza, "Shangazi, yaani kuku tu?" Wakacheka tena. Siku hizi wasichana wa Lunyo wanakula kuku na chipsi wamesimama barabarani, wananyonya mifupa mbele ya wakwe zao, na vizuri, waacheni wale. Lakini kitu kilichomtoa mama yangu kwenye nyumba yake kimekuwa kichekesho, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari ya ini. Wandera mwenyewe alicheka, akapangusa macho. "Mwanangu Nabwire," akasema, "mtoto wa miaka minane anakumbuka nini? Hebu fungua hiyo sufuria, nasikia harufu nzuri."

Nikaifunga kwa kanga, nikaibeba. Nilikuwa nimeshafika barabarani nikasikia Nekesa ananikimbilia nyuma, kandambili zinapiga vumbi. "Wifi, tafadhali. Hajala tangu juzi. Sasa mzee atakula nini?"

"Mpe firigisi," nikamwambia, nikapanda bodaboda.