Jirani Anataka Nijidunge Akiona, na Dawa Ni ya Paka

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Admin, jina langu libaki huko huko kwako, maana kanisani kwetu wengi wanakusoma. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, naishi Embu mjini. Watoto wako na familia zao. Nyumbani tumebaki mimi na paka.

Msicheke. Huyu paka alikuwa wa marehemu mzee wangu, alifukuza panya kwenye kinu chetu cha unga. Mzee alimwita Meneja, kwa sababu anafika kazini mapema halafu analala. Mzee alipoondoka, Meneja akahamia miguuni pangu. Mwaka jana akaanza kukonda na huku anakula, maji anakunywa kama ng'ombe. Daktari wa mifugo akampima, akasema ni ugonjwa wa sukari, adungwe insulini asubuhi na jioni akishakula. Akanifundisha kuinua ngozi ya shingo na kuingiza sindano hapo. Tangu hapo sijalala kwa mama yangu kule Siakago hata siku moja. Naenda mchana, narudi nikikimbizana na jua. Mama huniuliza ni bwana gani huyo mpya ananingoja. Nimechoka, jamani.

Sasa, dawa hiyo lazima ikae kwenye baridi, na mimi sina friji. Jirani yangu anayo, nitamwita Mama Njeru, tuko ushirika mmoja wa akina mama kanisani. Nilimpelekea kichupa kimefungwa kwa leso, nikamwomba aniwekee. Alipoona ni dawa ya sukari akanikumbatia, akaanza kuniombea hapo hapo jikoni. Nilitaka kusema. Lakini huyu ni mtu ambaye Meneja akipita mlangoni kwake anamwagiwa maji, eti paka na uchawi ni ndugu. Angekubali dawa ya paka ikae na maziwa yake? Nikasema amina tu. Hiyo amina ndiyo imenifikisha hapa.

Ushirika wote ukajua. Siku za maombi chai yangu huwekwa kando, haina sukari, na mimi chai ya hivyo ni kama dawa ya mizizi. Nakunywa. Wananiletea nduma nile badala ya mkate, wananiwekea mikono. Hayo ningevumilia.

Majuzi Mama Njeru mwenyewe alianguka shambani. Hospitalini wakampata na sukari, imepanda sana, wakampa insulini ya kujidunga. Hajaigusa. Chupa yake imekaa kwa friji kando ya ile ya Meneja kama mapacha. Binti yake alijaribu kumdunga, akasukumwa mpaka ukutani. Jana Mama Njeru akaja kwangu, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Meneja alikuwa chini ya kiti alichokalia, na mama wa watu hata hakuwa na nguvu ya kumfukuza.

Akaniambia, "Dada yangu, mimi huwa nakuangalia. Unakuja unachukua dawa yako, unaenda, hulalamiki. Kesho jioni nitakuja, ujidunge nikiona. Ukimaliza wewe, na mimi nitajidunga."

Nikamwambia aniachie mimi nimdunge. Akakataa.

"Nataka nione mtu akijifanyia."

Mnaona nilipo. Kujidunga dawa hiyo nikiwa mzima ni kutafuta kifo. Nikikataa, hatadungwa, na hali yake nimeiona kwa macho yangu. Nikisema ukweli, atajua maombi yake yote yalikuwa yakimwendea paka. Ataona nilikuwa nikimcheka, na mimi sijawahi kumcheka. Atanirudishia kichupa, akasirike, akae bila sindano. Nitawapoteza wote wawili.

Nimeomba mpaka maneno yakaisha. Kitu kimoja tu kinanijia: nimwonyeshe Meneja. Aone vile anakuja mwenyewe akisikia sahani, anavyoinamisha kichwa, sindano inaingia na hata halii. Lakini nitamwambiaje mama wa kanisa ajifunze ujasiri kwa paka ambaye yeye mwenyewe humwagia maji?

Nifanye nini? Nishaurini mapema, wapendwa. Leo saa kumi na mbili jioni atakuwa mlangoni kwangu, na Meneja atakuwa tayari kwa sahani yake akitungoja.