Kiungo Kilichotoa Jasho

Kwa miaka kumi na minne Ogola alikuwa fundi mkuu wa kampuni moja ya kusambaza soda mjini Kisumu. Madereva walimwita daktari. Kisha mwaka wa 1988 akaajiriwa Nekoye, mwanamke kutoka Bungoma aliyesomea mitambo chuoni, na chai ya saa nne ikaanza kumshinda Ogola kumeza.

Kazi ya lori la soda ni kusimama tu. Kutoka Kisumu hadi Luanda Kotieno ni duka baada ya duka. Likisimama breki zinalika, likiondoka injini inakunywa dizeli. Nekoye alichukua lori moja akalifungia pampu kwenye shafti ya nyuma. Dereva akikanyaga breki, magurudumu yaliizungusha pampu, nayo ikashindilia mafuta ndani ya mtungi mnene wa chuma wenye gesi. Lori likitaka kuondoka, mafuta yale yaliachiliwa, yakalisukuma kabla injini haijaanza kuhangaika.

"Mzee Ogola, kuja uone!" Amolo, mwenye kampuni, aliita siku ya majaribio. "Linaondoka kama limesukumwa na watu ishirini!"

Ogola aliona, na wivu ukampanda. Miaka yote hiyo Amolo hakuwahi kumwita mtu aje kutazama kazi yake yeye. Nyumbani, mkewe Milka alipomuuliza habari za kazini, alijibu kwamba siku hizi kampuni inaendeshwa na vyeti.

Asubuhi moja ya Agosti, akiwa chini ya lori lile, aliona kiungo cha mpira unaopitisha mafuta kikitoa jasho. Alijua maana yake: mafuta yalikuwa yameanza kuvuja. Akachukua kitambaa, akakipangusa hadi kikakauka, akatoka kimya. Na lizimike njiani, alijiambia, waone.

Halikuzimika. Kufika Kombewa, Nekoye, aliyekuwa ameandamana na dereva, alisikia mlio mwembamba. Akainama, akapapasa mpira. Mafuta yakaruka kutoka kwenye tundu dogo kama la sindano, yakampenya kidoleni. Hospitalini, kwa kuwa mafuta yalikuwa yamezama ndani ya nyama, ikabidi kidole kikatwe.

Ogola alimkuta kitandani, mkono umefungwa bendeji. Alisimama akiikunjakunja kofia yake.

"Kile kiungo kilikuwa kinavuja toka asubuhi," alisema. "Niliona."

"Uliona?"

"Nikapangusa."

"Mzee, mimi nilitaka kukuuliza wewe kuhusu hiyo mpira. Tangu Jumatatu. Nikaogopa utanicheka."

Ogola angependa atukanwe. Alitoka pale akaenda moja kwa moja hadi mtaa wa Milimani, nyumbani kwa Amolo, ambaye tayari alikuwa ameamua mtambo ule ung'olewe ukatupwe.

"Usiung'oe, Bwana. Mtambo ni mzima. Mbovu ni mimi."

Alifutwa kazi papo hapo.

Nekoye alirudi na vidole tisa, akabadilisha mipira yote, na lori likafanya kazi miaka mingine sita. Ogola alifungua banda la breki Kibuye. Kila alipoliona likipita, likiondoka bila kunguruma, wivu uleule ulimpanda, haukuwa umezeeka hata kidogo.

Mwaka wa 1993 mwenye lori la mkate alimuuliza kama angeweza kumtengenezea mtambo wa namna ile.

"Mimi siwezi," Ogola alisema, akijilazimisha kutamka jina. "Nenda kwa Nekoye. Mwambie mipira nitakagua mimi, akikubali."

Baada ya wiki moja, Nekoye alikubali.