Sare ya Kabula

Nakumbuka siku ya fainali ya vyuo pale Vwawa, mdogo wangu, na kosa langu lilikuwa kutoinuka kitini.

Sataranji nilijifunza peke yangu, kwa simu, nyumbani kwetu kwenye mashamba ya kahawa. Kwenye simu huna wenzako. Nikishinda vibaya nilikuwa naurudia mchezo mpaka usiwe na doa. Sare niliiona aibu. Hakuna aliyenifundisha kwamba kwenye timu ya watu wanne mchezaji husimama kidogo, akazitazame meza za wenzake, ajue kinachohitajika kwake.

Mpinzani wangu alitoka chuo kimoja cha Tunduma. Aliniomba sare, nikatikisa kichwa. Akacheka, maana habari kwamba nilijifunzia kwenye simu ilikuwa imemfikia. "Msomi wa simu, hutaki? Haya."

Nikaendelea kutafuta ushindi msafi, nikapoteza malkia, nikashindwa. Ndipo nikainuka. Wenzetu wawili walikuwa wameshinda zamani. Nusu pointi ya ile sare niliyoikataa ingetupa kombe palepale. Sasa alibaki nahodha wetu Kabula, binti wa wafugaji wa Msangano, na hali yake ilikuwa mbaya: mfalme wake amebanwa pembeni, hana pa kukanyaga, na kete nyingine iliyobaki ni ngome moja tu. Akishindwa, tungelingana pointi, na kwa hesabu ya raundi zilizotangulia kombe lingekwenda Tunduma.

Nilitamani ardhi inimeze.

Kabula akaichukua ile ngome, akaiweka ubavuni kwa mfalme wa mpinzani wake, iliwe bure. Yule kijana akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Angeila, Kabula asingekuwa na kete ya kusogeza, na mfalme asiyeshambuliwa akikosa pa kwenda mchezo huwa sare. Akamsogeza mfalme wake. Ngome ikamfuata. Akakimbilia upande wa pili, ikamfuata tena, inajitoa tu kila mahali. Ukumbi mzima tulisimama kuizunguka meza. Sijawahi kuona kitu kama kile, na nimeangalia michezo ya mabingwa mpaka macho yakauma.

Mwisho kijana akaila. "Chukua sare yako, dada," akasema, akampa mkono kwa heshima kabisa.

Nilimwomba Kabula msamaha huku nalia. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Ungetuangalia tu. Tulikuwa hapo hapo."

Basi nakuomba, mdogo wangu, wewe unayekesha ukitafuta mchezo usio na kasoro: waangalie wenzako kwanza. Huenda kinachotakiwa kwako ni kidogo kuliko unachojitesea. Mungu akujalie watu wa kukushika siku utakapoteleza, na akupe macho ya kuwaona mapema.

Mimi bado naupenda ushindi msafi. Ila nikiombwa sare sasa, naenda kwanza kutazama meza za wenzangu, na mara nyingi naikubali.