Fundi wa Kadi

Fundi wa kadi za kompyuta hupima joto la mashine kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayemgusa mtoto mwenye homa. Ana vidole vyembamba na sauti ya chini, na akikuta sakafu niliyopiga deki bado ina maji husubiri mlangoni mpaka ikauke. Wengine hunikanyagia. Siku moja nilimuuliza zile kadi nzito zina kazi gani. "Dada, ubongo mmoja wa kompyuta hautoshi tena," alinijibu. "Siku zijazo ni za hizi, zikihesabu kwa maelfu kwa pamoja." Akacheka peke yake.

Juzi mashine kubwa ilipata joto ikajizima, na hesabu za wiki tatu zikapotea. Kosa likikosa mwenyewe hupewa mwenye ufagio. Bosi alinijia moja kwa moja, mbele ya wote. "Huyu na mavumbi yake! Akabidhi ufunguo leo hii." Nikaanza kuuvua shingoni. Kazi ya kwanza niliipoteza hivyo hivyo, kwa kosa la mwenye nyumba, na wote waliojua walitazama chini. Fundi naye alitazama chini. Mkononi alishika kibati nilichokiokota sakafuni jana yake nikakiweka mezani kwake. Tulikijua sisi wawili tu. Akakiinua. "Bosi, nilichomoa kadi nikasahau kufunika tundu kwa hiki," akasema. "Upepo wa feni ukapotelea hapo, zilizobaki zikakosa hewa. Dada hana kosa." Bosi akamwita ofisini. Fundi akafika mlangoni, akaona ukumbi nimetoka kuupiga deki, akasimama kusubiri ukauke.